AC inadondosha maji ukutani na ikiwashwa inatoa harufu ya choo, wa kumtafuta ni fundi AC au fundi bomba?

#1 BintiWaTegeta
Wakuu habari zenu, niende kwenye mada. Tumehamia nyumba ya kupanga huku Tegeta, chumba cha wageni kina AC ya kawaida ya ukutani, BTU 12,000, na chumba hicho kina bafu lake ndani. Kipindi cha baridi hatukuiwasha kabisa. Sasa joto limeanza, tukiwasha inatoa harufu ya choo, yaani ya karo kabisa, dakika kumi hivi za mwanzo halafu inapungua. Ikienda masaa mawili matatu inaanza kudondosha maji upande wa kulia mpaka rangi ya ukuta imebabuka. Fundi AC kaja kasema AC yake nzima, tatizo la fundi bomba kwa sababu mpira wa maji wa AC umepigiliwa ukutani ukaingia kwenye bomba la bafuni. Fundi bomba kaja kasema mabomba yako safi, AC ndiyo haina gesi. Wote wamekula nauli wameondoka. Mwenye nyumba anasema mpangaji aliyepita hakuwahi kulalamika. Nani mkweli hapo?

#2 kiti_cha_mbele
Ngoja waje wenye fani, nimeweka kambi.

#3 MzeeWaChemba
Mpangaji aliyepita hakulalamika kwa sababu hilo bafu alikuwa anaogea. Kila sehemu ya maji machafu ndani ya nyumba ina trapu, ile kona ya U chini ya sinki na nyingine zimefukiwa chini ya sakafu ya bafu, inabaki na maji kina cha milimita 50 mpaka 75 hivi, na hayo maji ndiyo peke yake yanayozuia hewa ya karo isiingie ndani. Bafu la wageni halijaogewa miezi, AC haijawashwa tangu kipupwe, maji ya trapu yamekauka. Ukiwasha AC feni yake inavuta hewa, inavuta mpaka kwenye mpira wa maji, hewa ya karo inapanda juu. AC ikishaanza kutoa maji yake yanateremka yanaijaza trapu, harufu inakata. Si umesema mwenyewe inapungua? Mwaga ndoo ya maji kwenye dreni ya bafu kabla hujawasha halafu lete majibu.

#4 KoiliBaridi
Mzee hapo juu kwenye harufu umeongea ila usimpoteze dada kwenye maji, hayo ni magonjwa mawili. Mimi kazi yangu AC. Na hata hiyo harufu inaweza isitoke karo kabisa, koili, yale mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa ndani ya AC, ikikaa miezi haijawashwa ina vumbi na ute wa bakteria, ikianza kupata unyevu inatema harufu ya soksi zilizolowa, wateja wangu karibu wote wanaiita ya choo. Ikipoa na maji yakaanza kutiririka inakata yenyewe. Kwa hiyo kule kupungua siyo ushahidi wa trapu.
Maji ya ukutani sababu za kawaida ni tatu, filta chafu, gesi imepungua, au dreni ya AC, yaani huo mpira wa maji, imeziba. Filta ikiwa chafu hewa haipiti, koili inashika barafu, barafu ikiyeyuka maji yanakuja mengi kwa mkupuo, treyi inayoyakinga chini ya koili inafurika. Gesi ikipungua ni barafu hiyohiyo. Fungua kava uangalie kama kuna weupe wa barafu upande mmoja.

#5 mtoto_wa_geti
Soksi na choo ni harufu mbili tofauti mkuu, labda soksi zako 😂

#6 BintiWaTegeta
@KoiliBaridi filta tumeosha juzi na barafu sijaiona. Na harufu ni ya karo, sijakosea, mume wangu alikimbilia kwenda kuangalia kama choo kimefurika.

#7 Kasuku wa Nyali
Salaam kutoka Mombasa. Hii stori naijua. Kwangu keateka alichomeka mpira wa AC ndani ya mtungi wa lita 20 ili maji yasimwage kwa jirani wa chini, ikawa mwanzo yashuka vizuri, maji yakifika pale mpira umezama, AC yaanza kudondosha maji ndani. Sababu ni hewa. Mpira ukiwa mdomo wake umezama kwenye maji, hewa ya katikati haina pa kutokea, na maji ya AC hushuka kwa uzito wake tu, hakuna pampu ya kuyasukuma. Sasa huyo dada mpira wake umepigiliwa kwenye bomba la bafu na huenda mtu akaziba pembeni kwa simiti. Kwani hewa itapita wapi? Kata huo mpira kidogo juu ya mlango wa bomba, yaani maji yadondoke yenyewe kuingia, pawe na nafasi.

#8 MzeeWaChemba
Kasuku upo sahihi kabisa na hapo hata harufu ya kwenye AC inaisha hata kama trapu imekauka, maana AC haitakuwa imeunganishwa na karo tena. Mpira wa AC haupigiliwi kwenye bomba la choo, unaishia juu ya kava ya dreni, sentimita mbili tatu hewani. Na faida yake AC inakuwa inainywesha trapu kila ikiwashwa. Mafundi wetu wanaogopa kuacha nafasi wanaona kama kazi haijaisha.

#9 Saidi_mpakaRangi
Fundi maiko wa Bongo bila silikoni hajisikii fundi.

#10 nyumba_ya_kona
Mimi naona mnaacha kitu. Hilo bafu lina feni ya kutoa hewa? Kwetu ilikuwa hivyohivyo, ukiwasha feni ya bafuni na umefunga milango na madirisha, inavuta hewa popote inapoipata na ya kwanza ni kwenye dreni. Inavunja maji ya trapu yote. Na kama mpira wa AC uko wazi nje unasikia pokopoko ndani ya AC kama mtu anachemsha uji. Tukifungua dirisha inanyamaza.

#11 hesabu_ndogo
#10 pokopoko ni kweli, hiyo ni hewa inayopanda kwenye mpira na kukutana na maji yanayoshuka. Ila kwamba feni inavunja maji ya trapu hapana, tupige hesabu. Milimita moja ya maji ni kama paskali 10, hicho ni kipimo cha mgandamizo. Trapu yenye milimita 50 ili uivunje unahitaji kama paskali 500. Feni ya bafuni haifiki huko hata kidogo. Inachoweza ni kuvuta hewa kwenye trapu ambayo ILISHAKAUKA. Kwa hiyo mnarudi kwa mzee #3, feni inakuza tatizo hailianzishi.

#12 nyumba_ya_kona
Sawa profesa, mimi nasema nilichokiona.

#13 Daktari wa mtaa
Hili la feni na trapu kavu siyo la kuchekea jamani. 2003 wakati wa ugonjwa wa mapafu wa SARS Hong Kong kuna majengo yanaitwa Amoy Gardens, waliugua wakazi zaidi ya 300. Wachunguzi wakaja wakasema moja ya njia kubwa ilikuwa trapu za sakafu ya mabafu, zilikuwa zimekauka kwa sababu watu walikuwa wanadeki kwa dekio tu bila kumwaga maji, na ukiwasha feni ya bafuni inavuta matone kutoka bomba la choo la gorofa zote. Na ndiyo vilevile AC zinazodondosha maji zinavyoleta ule ugonjwa wa mapafu wa Legionea, watu walikufa Marekani 1976 hotelini Philadelphia.

#14 hesabu_ndogo
Daktari la Hong Kong uko sawa, la Philadelphia 1976 usitutishe. Bakteria yule anapenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama yanayorushwa hewani, lawama zikaenda kwenye ile minara mikubwa ya kupoza maji ya AC za majengo. AC ya ukutani nyumbani haina mnara wa maji, treyi yake ina maji baridi yanayotiririka. Tusafishe ndiyo, ila tusimfanye dada alale sebuleni.

#15 Daktari wa mtaa
Nimepokea marekebisho. Treyi iliyoziba lakini bado inakuza kuvu na mwenye pumu anajua.

#16 Mgogo_original
Huku Dodoma trapu kukauka ni jambo la kawaida, hewa kavu, ukisafiri ukirudi nyumba inanuka kama soko la samaki wakati samaki wenyewe hatuna. Mama yangu akisafiri anamwaga maji kila dreni halafu anamalizia na mafuta ya kupikia kijiko kimoja viwili. Mafuta yanakaa juu yanazuia maji yasipande hewani. Nilidhani ni ushirikina mpaka nikakuta fundi mmoja naye anafanya.

#17 MzeeWaChemba
Siyo ushirikina, ni njia nzuri kwa bafu lisilotumika. Usizidishe tu, na usifanye kwenye sinki la jikoni, huko mafuta ndiyo adui.

#18 mama_Junior
Naomba niulize wanaume mnaopiga hesabu za paskali, kuna mtu ameinua kava ya dreni kuangalia? Hizi dreni za siku hizi za duara zina kikombe ndani kimefunikwa juu chini, kile kikombe ndicho kinachoshika maji. Dada wa kazi akiona maji yanashuka polepole anakitoa, anakitupa au anakiweka dirishani, basi hapo hakuna trapu tena hata umwage pipa. Nyumba yangu ya zamani vikombe vitatu vyote nilivikuta stoo kwenye ndoo ya vibanio.

#19 kiti_cha_mbele
Mama Junior umefunga kesi.

#20 MzeeWaChemba
Hajafunga bado ila hoja nzito. Zile za kikombe zenyewe kina chake cha maji ni kidogo sana, zinakauka haraka kuliko ya U. Na kuna kingine watu hawakijui, uzi wa dekio. Nyuzi za dekio au nywele zikining'inia ndani ya trapu, nusu kwenye maji na nusu upande wa pili, zinanyonya maji na kuyavusha tone kwa tone mpaka trapu inabaki tupu. Unamwaga asubuhi, kesho kutwa hakuna kitu, unamlaani fundi bomba bure.

#21 BintiWaTegeta
Asanteni sana. Majibu haya. Kikombe kipo, nimeinua. Nimemwaga ndoo mbili kwenye dreni ya bafu, nikawasha AC, HARUFU HAKUNA. Nikafurahi nikataka kuja kufunga uzi. Leo asubuhi watoto wameoga bafu kubwa na kuvuta choo, nimewasha AC harufu imerudi kidogo. Na maji ya ukutani yako palepale, trapu kujaa hakujasaidia chochote.

#22 MzeeWaChemba
Si nilisema 😎 trapu.

#23 hewa_juu
Mzee usishangilie. Imerudi baada ya kuvuta choo, hiyo inaitwa kunyonywa. Choo na dreni ya bafu viko kwenye bomba moja, maji mengi yakishuka kwa kasi yanajaza bomba lote, nyuma yake hewa inapungua, inanyonya maji ya trapu ya jirani. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa. Mwambie mwenye nyumba akuonyeshe bomba la hewa liko wapi. Nyumba nyingi utakuta moja tu kule kwenye shimo, ndani hakuna kitu, au lipo na limezibwa juu kwa mfuko wa simenti ili mvua isiingie. Jaribu hivi, mmoja avute choo mwingine aangalie maji kwenye dreni ya bafu la wageni kwa tochi. Yakicheza na kushuka umepata jibu.

#24 hesabu_ndogo
Kuna uwezekano mwingine wa kinyume chake, kusukumwa. Karo likijaa au chemba, lile shimo la kukagulia bomba la maji machafu, ikiziba kidogo, choo kikivutwa hewa haina pa kwenda inarudi inapiga mapovu kwenye trapu ya chini kabisa. Harufu inatoka na maji yako palepale. Kwa hiyo angalia, maji yanashuka au yanatoa mapovu?

#25 mtoto_wa_geti
Yaani dada alikuja na AC sasa anapewa mtihani wa fizikia wa kidato cha nne.

#26 KoiliBaridi
Wakati nyie mko chooni mimi narudi ukutani. Dada umesema upande wa kulia. Mabomba ya gesi yanatokea upande gani wa AC yako?

#27 BintiWaTegeta
Kulia hukohuko. Mpira wa maji nao unatokea kulia.

#28 KoiliBaridi
Sasa sikiliza. Treyi ya AC nyingi za ukutani ina matundu mawili, kulia na kushoto, moja linatumika na lingine lina kizibo cha mpira. Kama fundi alihamisha mpira wa maji upande, kizibo kikakaa vibaya, maji yanavuja polepole bila dreni kuwa imeziba. Hiyo moja. Pili pima levo, weka pima maji juu ya AC. Ikilalia upande ambao hauna mpira, maji yanajaa huko yanamwagika. Mpira wenyewe nao uwe unashuka muda wote, angalau sentimita moja kila mita, usiwe na tumbo katikati. Tumbo likiwepo maji yanatuama, ute unajijenga humo.

#29 Yakhe_Darajani
Mie nitie neno kutoka Unguja. Sote twasema dreni dreni, huenda si dreni. Hayo mabomba ya shaba ya gesi yapoa sana, na hewa yetu ya pwani ina maji tele. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi chaanza kutoka jasho. Shaba iko chini mno ya hapo. Ile sponji nyeusi ikiisha kabla ya kuingia ukutani, au ikichanika pale kwenye maungio, jasho latiririka nyuma ya AC, upande wa mabomba, masaa mawili matatu baada ya kuwasha. Yaani kama alivyoeleza bibi huyu hasa. Treyi nzima, dreni nzima, ukuta walowa. Mwambie fundi aifungue pale nyuma aguse sponji kwa mkono.

#30 KoiliBaridi
Yakhe hiyo inawezekana, nimekutana nayo sana nyumba za Kigamboni zilizo karibu na bahari. Ila jasho la sponji halibabui rangi kwa wiki chache, linatia doa la unyevu kwanza.

#31 Yakhe_Darajani
Rangi ya maji ya chokaa yababuka hata kwa pumzi.

#32 Saidi_mpakaRangi
Hapo kwenye rangi niachieni mimi, piga picha dada nitakwambia ni maji ya juu au ya ndani ya ukuta. Yakiwa yanatoka ndani rangi inavimba kwanza mapele.

#33 mpenda_usafi
Naomba kuuliza nje kidogo, mimi mpira wa AC unatoa kitu cheupe cha jeli kama tapioka, nimemwaga jiki kwenye treyi, sawa?

#34 KoiliBaridi
Hapana. Mapezi ya koili ni ya alumini, jiki inayala, na ikibaki kwenye treyi mvuke wake unapulizwa chumbani unauvuta. Hiyo jeli ni bakteria wamejijenga kwa vumbi na unyevu. Tumia siki nyeupe, kikombe kimoja kwenye treyi upande wa mpira, acha nusu saa, suuza na maji ya uvuguvugu. Kama imeganda sana nyonya kwa vakyumu ya maji kwenye mdomo wa nje wa mpira, ziba pembeni kwa kitambaa.

#35 Daktari wa mtaa
Na USICHANGANYE jiki na siki, wala jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Kama ulishamwaga jiki suuza kwa maji mengi kwanza, siki siku nyingine.

#36 mpenda_usafi
Mungu wangu nilikuwa nimeshashika chupa. Asante dokta.

#37 Kasuku wa Nyali
Mimi hutumia pampu ya baiskeli, napuliza kutoka nje, jeli yote huruka.

#38 KoiliBaridi
Inaruka kwenda wapi? Ndani kwenye treyi, halafu inarudi. Na ukipuliza kwa nguvu ule muungano wa mpira na treyi ndani ya kava unachomoka, unaanza kuvuja ukuta mzima. NYONYA usipulize.

#39 Kasuku wa Nyali
Mbona kwangu haijachomoka yakhe, pampu yangu ina adabu.

#40 fundi_nyigu
Watu wa viwanja vyenye miti angalieni mdomo wa mpira, nyigu wale wa udongo wanajenga humo. AC inakaa miezi ya baridi bila kutoa maji, nyigu anaona nyumba imepatikana. Ukiwasha joto likija, treyi inafurika. Chomoa udongo na waya laini, pole pole. Kuna wanaofunga wavu mdomoni, ila wavu nao unakusanya ute baada ya muda, kwa hiyo nyigu au ute uchague mwenyewe.

#41 BintiWaTegeta
Kwangu mdomo wa mpira hauonekani, umo ukutani, ndiyo shida yenyewe.

#42 MpwaWaMaskati
Salaam alaikum. Huku Maskati AC inatembea usiku na mchana karibu nusu mwaka, trapu ya AC haipati hata nafasi ya kukauka 😂 Jirani yangu ameelekeza mipira yote ya AC kwenye miche ya ndimu na inastawi. AC moja kama ya dada kwenye unyevu inatoa lita moja mpaka mbili kwa saa, kwa nini mnaipeleka karoni? Toboa ukuta toa nje, mwagilia mchicha. Tatizo la karo limekwisha bila kumuita fundi bomba.

#43 mtoto_wa_geti
Na ukiwa gorofani unamwagilia watu. Kariakoo ukipita chini ya majengo unadondokewa kichwani unadhani mvua, unaangalia juu kumbe AC ya ofisi ya mtu.

#44 dereva_wa_bajaji
Hayo maji si ndiyo tunaweka kwenye betri? Fundi wangu anakinga anauza.

#45 hesabu_ndogo
Usiweke. Ni maji yaliyotokana na mvuke kweli, hayana chumvi ya bombani, lakini yamepita juu ya koili ya alumini na shaba na vumbi lote la chumba. Betri inataka maji yasiyo na madini ya chuma wala shaba. Kwenye pasi ya mvuke au kudeki sawa.

#46 dereva_wa_bajaji
Betri yangu ina mwaka wa pili na maji ya AC.

#47 hesabu_ndogo
Hongera. Bado siyo maji ya betri.

#48 BintiWaTegeta
Wakuu mrejesho mwingine. Nimemleta fundi wa tatu, amevunja pale ukutani. Mpira ulikuwa umeingizwa kwenye bomba la bafu na kuzungushiwa simiti, Kasuku ulilijua hilo. Amekata, sasa unadondokea juu ya dreni kwa nafasi kama mlivyosema. Harufu kwenye AC imekata kabisa ila bafuni bado ikija inakuja baada ya choo kuvutwa. Nimeangalia kwa tochi, maji yanacheza kidogo, sijaona kama yanashuka. Maji ya ukutani yamepungua ila hayajaisha, kuna unyevu bado.

#49 Kasuku wa Nyali
Yamepungua, ni hewa hiyo. Nipewe soda.

#50 Yakhe_Darajani
Hayajaisha, ni sponji hiyo. Soda igawe.

#51 KoiliBaridi
Hajapima levo wala kizibo bado. Dada zima AC, mwaga maji kwa jagi taratibu kwenye treyi. AC ikiwa imezimwa hakuna baridi, hakuna jasho. Yakidondoka ukutani ni treyi au levo, yasipodondoka namuachia Yakhe. Na uangalie pale kwenye doa mwenyewe, usimuachie fundi aseme.

#52 hewa_juu
Maji yanayocheza bila kushuka bado yanaweza kuwa kunyonywa kidogo kidogo. Ukifika usiku yatakuwa yamepungua. Weka alama na kalamu. Bomba la hewa liko wapi?

#53 BintiWaTegeta
Mwenye nyumba anasema bomba la hewa lipo "ndani ya paa". Yaani limeishia darini.

#54 MzeeWaChemba
Darini!! Basi harufu yote inakaa juu ya gipsamu na kushuka kwenye matundu ya taa. Limalizwe nje ya paa, bati litobolewe na lizibwe vizuri. Kabla ya hapo mtabishana AC mpaka Krismasi.

#55 KoiliBaridi
Mzee lakini harufu ya AC imekata baada ya kukata mpira, siyo darini.

#56 MzeeWaChemba
Ya AC ndiyo. Ya bafu je?

#57 hesabu_ndogo
Na chemba nani amefungua? Nimeuliza toka #24.

#58 mke_wa_mwalimu
Samahani kuingilia, mimi sina AC, ila friji yangu ile isiyoshika barafu inaweka maji chini ya droo za mboga kila siku, ni ugonjwa huohuo?

#59 KoiliBaridi
Mama ndugu yake kabisa. Ukutani nyuma ndani ya friji kuna kitundu kidogo chini, maji ya koili yanapita humo yanashuka mpaka kwenye treyi iliyo juu ya kompresa nyuma, joto la kompresa linayakausha. Kitundu kimeziba na uchafu wa chakula au barafu. Chomoa umeme, toa droo, ingiza mrija laini wa plastiki taratibu, usitumie waya wala msumari, halafu mimina maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukisikia yanadondoka nyuma chini, kimefunguka.

#60 mke_wa_mwalimu
Nimejaribu, kimetoka kipande cha giligilani. Maji yanasikika nyuma. Ila hiyo treyi ya nyuma ina rangi ya chai na inanuka, naisafishaje bila kuivuta friji yote?